Niru, Vigae, Terazo au Mbao: Kuchagua Sakafu Kabla ya Kuhamia Nyumba Mpya

Nyumba nyingi za Dar es Salaam huhamiwa kabla hazijakamilika. Mjenzi amekwisha kuezeka na kupiga lipu, ameweka milango miwili ya nje na madirisha ya vyumba viwili, na huko anakopanga anadaiwa kodi ya miezi sita mingine kwa mkupuo. Hapo ndipo swali la sakafu linapomfikia, akiwa amebakiwa na fedha kidogo na wiki chache, huku kila anayepita akimpa ushauri tofauti: huyu anasema weka vigae moja kwa moja, yule anasema piga niru, yaani saruji iliyolainishwa kwa mwiko, uhamie, mwingine amerudi kutoka safari na picha za sakafu inayofanana na mbao ambayo hubandikwa kwa siku moja.

Nimefuatilia kwa karibu ujenzi wa nyumba tatu, yaani ya kwangu Kigamboni, ya kaka yangu Chanika na ya dada yetu Lushoto, na kila moja iliishia kwenye sakafu tofauti kwa sababu za haki kabisa. Ninachotaka kueleza hapa ni kwamba sakafu huanza kuchaguliwa kwenye jamvi, yaani lile bamba la zege la chini ya nyumba, siku nyingi kabla ya kufika dukani. Anayelijua jamvi lake, na anayejua kwa uaminifu familia yake inaishije ndani ya nyumba, atakuta nusu ya chaguo zimekwisha kujiondoa zenyewe.

Jamvi lisomwe kwanza

Zege la jamvi hukomaa kwa nguvu katika siku 28, lakini kukomaa na kukauka ni mambo mawili. Kanuni inayotumiwa na wajenzi ni kuhesabu siku moja kwa kila milimita ya unene hadi kufikia milimita 50, na zaidi ya siku moja kwa kila milimita inayozidi hapo, tena katika nyumba inayopitisha hewa. Jamvi la sentimita 10, kwa hesabu hiyo, huhitaji zaidi ya miezi mitatu, na katika masika ya pwani, hewa ikiwa yenyewe imejaa maji, huhitaji muda mrefu zaidi. Kwa kuwa nyumba zetu hujengwa kidogo kidogo kwa miaka, zege la jamvi kwa kawaida huwa limekwisha kukauka kabla ya kuhamia. Linalotusumbua ni maji mengine: yale yanayopanda kutoka ardhini pale ambapo nailoni ya chini ya jamvi ilichanika au haikuwekwa kabisa, na yale tunayoyaongeza wenyewe tunapomwaga tabaka jipya la saruji wiki mbili kabla ya kuhamisha vitanda.

Kipimo chake ni rahisi. Chukua kipande cha nailoni nzito, safi, chenye upana wa sentimita 45 kila upande, kitandaze juu ya zege lililofagiliwa vizuri, kisha ukizibe pande zote nne kwa gundi ya utepe isiyopitisha hewa. Kiache usiku kucha hadi kesho yake mchana, yaani saa 16 au zaidi, ndipo ukifunue. Ukikuta matone upande wa chini wa nailoni, au zege limekuwa jeusi kuliko sehemu zinazolizunguka, unyevu unapanda. Fanya hivyo katika kila chumba, na usifanye karibu na dirisha linalopigwa na jua. Kwangu, vyumba vya mbele vilitoka vikavu, lakini chumba cha nyuma, kilicho upande wa bonde, kilitoa matone makubwa yaliyotiririka nilipoinua nailoni. Nilikumbuka siku ya kumwaga jamvi, jinsi toroli zilivyopita juu ya nailoni ya upande ule zikiichana, nami nilikuwa nimesimama pale pale nikihesabu mifuko ya saruji.

Kipimo cha pili ni cha usawa. Ubao ulionyooka wa mita mbili huwekwa juu ya jamvi na kuzungushwa pande zote, na mwanya unaoonekana chini yake hupimwa. Mwanya wa sentimita nzima si tatizo kwa niru, kwa sababu niru yenyewe ni tabaka la kusawazisha. Kwa vigae ni gharama ya ziada. Kwa sakafu za kubandika na za kuchomekeana, zile zinazofanana na mbao, ambazo nyingi hudai tofauti isiyozidi milimita 3 katika mita hizo mbili, ni kizuizi.

Niru na vigae: shindano la kweli

Wengi wetu, tukiacha ndoto kando, tunachagua kati ya hizi mbili.

Sakafu ya saruji iliyopigwa niru ndiyo nafuu kuliko zote zinazodumu, na si sakafu ya kuonea aibu. Ikitengenezwa kwa mchanganyiko wa ndoo moja ya saruji kwa ndoo tatu za mchanga safi uliochekechwa, ikamwagwa kwa unene wa sentimita 3 hadi 4 juu ya jamvi lililosuguliwa, kuloweshwa na kupakwa uji wa saruji, kisha ikapigwa niru kwa mwiko wa chuma kabla haijashika kabisa, hutoa uso mgumu, baridi, unaong'aa kwa deki na nta. Anayetaka rangi huchanganya unga wa oksaidi, nyekundu au kijani, usiozidi asilimia 10 ya uzito wa saruji, kwa maana rangi ikizidi hapo hupunguza nguvu. Kaka yangu wa Chanika alifanya nyekundu nyumba nzima, na watoto wake wanalala mchana chini, juu ya mkeka, bila godoro, kwa sababu hakuna mahali penye ubaridi mzuri kama pale.

Udhaifu wake ni miwili. Wa kwanza ni nyufa, ambazo hutokea pale fundi anapomwaga sebule nzima kama bamba moja; sakafu ya saruji lazima igawanywe kwa mistari katika vipande visivyozidi mita 3 kila upande, ili ikisinyaa ipasukie kwenye mstari. Wa pili ni vumbi. Sakafu inayotoa vumbi la kijivu kila inapofagiliwa ni sakafu iliyochanganywa kwa maji mengi mno au iliyoachwa ikauke haraka. Baada ya kupigwa, ifunikwe kwa nailoni au magunia yaliyoloweshwa kwa siku 7, na mtu asikubali kuambiwa kwamba kumwagiwa maji asubuhi moja kunatosha.

Vigae, ambavyo wengi tunaviita marumaru ingawa marumaru halisi ni jiwe, hushinda niru kwa usafi, kwa sura na kwa urahisi wa kutengeneza sehemu moja bila kugusa nyingine. Mafuta ya taa na ya kupikia hayaingii ndani yake. Siku hizi pia vinapatikana kwa urahisi kuliko zamani, kwa kuwa vinatengenezwa nchini, Mkuranga na Chalinze mkoani Pwani. Kwa jamvi lenye unyevu kidogo, vigae vilivyowekwa kwa gundi ya saruji huvumilia, ingawa chumvi nyeupe inaweza kujitokeza kwenye grauti, ile saruji inayojaza mianya kati ya vigae, hasa kwa waliojenga kwa mchanga wa karibu na bahari au kwa maji ya kisima yenye chumvi.

Ukilinganisha gharama, usilinganishe bei ya boksi la vigae na bei ya mfuko wa saruji. Linganisha mita moja ya mraba iliyokamilika upande huu na mita moja iliyokamilika upande ule. Mita ya vigae ina kigae, gundi, grauti, vipande vya ukutani vinavyozunguka chini ya kuta, usafiri, vinavyovunjika, ufundi na, ikiwa jamvi halijasawazishwa, tabaka lile lile la saruji ambalo aliyepiga niru amelifanya akamaliza. Anayeweka vigae juu ya jamvi baya analipia sakafu mbili.

Kwa hiyo, kwa mtu anayehamia kwa haraka, mimi napendelea njia ya kati ambayo mafundi wengi hawaipendekezi kwa sababu inawapa kazi ndogo kwa sasa: weka vigae vyumba vya maji tu, yaani bafu, choo na jiko, na kwingine mwaga saruji ya kusawazisha. Lakini yapo masharti mawili, nayo ndiyo yanayosahauliwa. Ikiwa unakusudia kuweka vigae baadaye, saruji hiyo imaliziwe kwa ubao, ibaki na ukwaru, isipigwe niru laini, kwa sababu uso wa niru haushiki gundi vizuri na itabidi ugongwegongwe kwa tindo chumba hadi chumba wakati familia imo ndani. Vilevile ibaki chini ya usawa wa mwisho kwa takriban milimita 15, ambazo ni kigae cha milimita 10 na gundi yake, ili siku vigae vitakapokuja visipandishe sakafu hadi milango ikwame. Ukiwa huna mpango wa vigae kwa miaka kumi ijayo, basi piga niru kwa moyo wote, uing'arishe, uishi nayo.

Seramiki au porselini

Ukifika dukani utaonyeshwa vigae viwili vinavyofanana kwa mbele, kimoja kikiwa ghali kuliko kingine, na muuzaji atasema tu kwamba kimoja ni kigumu. Tofauti hasa iko kwenye maji. Porselini, kwa kipimo cha kimataifa cha ISO 13006, hunyonya maji yasiyozidi asilimia 0.5 ya uzito wake, ilhali vigae vya seramiki vya sakafuni hunyonya asilimia kadhaa, na vile vya ukutani hupita hata asilimia 10. Geuza kigae, mwagia mgongo wake maji kidogo, utazame: mgongo wa seramiki unayafyonza na kuwa mweusi ukiangalia, na wa porselini unayaacha yakae juu kama kwenye sahani. Ndiyo maana vigae vya ukutani visiwekwe sakafuni hata vikiwa vya bei ya kutupa.

Kutonyonya huko kunaifanya porselini iwe imara, na pia kunaifanya iwe ngumu kushika. Saruji ya kawaida hukishika kigae kwa kupenya kwenye vitundu vya mgongo wake. Fundi aliyezoea seramiki huviloweka vigae kwenye ndoo, kisha huviweka juu ya matonge ya saruji, na kwa seramiki jambo hilo limefanya kazi miaka mingi. Kwa porselini halifai. Hili nimelipia. Fundi aliyeniwekea vigae vya jikoni aliweka matonge matano kwa kila kigae, manne kwenye pembe na moja katikati, na vilipokamilika vilipendeza sana. Mwezi wa tatu baada ya kuhamia, mchi ulimteleza mke wangu wakati akitwanga kisamvu, ukaangukia pembe ya kigae, na pembe ile ikamomonyoka kama ganda la yai kwa kuwa chini yake palikuwa na hewa tupu. Nilipoinua kipande kilichobaki nikakuta mgongo wake ni msafi kama ulivyotoka kiwandani, hata ile nembo iliyochorwa na kiwanda ikisomeka, na yale matonge matano yamebaki sakafuni yakiwa na alama laini ya mahali kigae kilipokuwa kimekaa.

Porselini inataka gundi ya mfuko iliyotengenezwa kwa ajili yake, inayotandazwa kwa mwiko wenye meno juu ya sakafu nzima, na kwa vigae vya sentimita 60 kwa 60 au zaidi, tabaka jembamba lipakwe pia mgongoni mwa kigae. Simama karibu na fundi anapoweka vigae vitatu vya kwanza, kisha umwombe akiinue kimoja kabla hakijashika. Mgongo wake uwe umefunikwa na gundi karibu wote. Kazi ikikauka, pita na sarafu ya shilingi 200 ukigonga kila kigae katikati na pembeni. Kilichoshika hutoa mlio mzito, mfupi. Chenye uwazi chini hulia kama debe. Gonga kabla ya kumalizia malipo.

Basi ipi uchukue? Kwa vyumba vya kulala, ambako hakuna kizito kinachoanguka na watu hutembea peku, seramiki nzuri ya sakafuni inatosha kabisa, na sioni sababu ya kulipa zaidi. Kwa jiko, sebule, korido na baraza, chukua porselini, lakini kwa sharti kwamba bajeti ina nafasi ya gundi yake. Porselini juu ya matonge ni mbaya kuliko seramiki iliyowekwa vizuri, na ni ghali kuliko zote mbili ukiihesabu mara ya pili.

Kuhusu kung'aa, sina subira na vigae vinavyong'aa kama kioo katika nyumba yenye wazee, watoto au watu wanaotia udhu. Kigae kinachong'aa kikilowa huwa kama mwamba wenye mwani. Katalogi za viwanda vingine huonyesha daraja la kuzuia kuteleza, kuanzia R9 lililo la chini hadi R13. Bafuni na barazani usishuke chini ya R10, na kama bafu halina ukuta wa kutenga maji, tafuta R11. Pasipo na daraja lililoandikwa, lowesha kigae pale pale dukani, kikanyage kwa mguu mtupu, utajua.

Terazo

Terazo ni mchanganyiko wa saruji na kokoto ndogo za marumaru unaomwagwa kwa unene wa milimita 15 hadi 20 juu ya tabaka la saruji, ukagawanywa kwa vipande vyembamba vya shaba, alumini au plastiki, kisha ukasagwa kwa mashine yenye mawe hadi kokoto zionekane zimekatwa. Shule, hospitali na ofisi nyingi za zamani Afrika Mashariki zina sakafu hii, na katika korido ambazo zimekanyagwa na maelfu ya watu kwa miongo kadhaa bado ipo, haijabonyea. Kwa uimara haina mpinzani katika orodha hii. Ina undugu pia na tulichokuwa nacho: katika nyumba za mawe za Lamu na Unguja, sakafu za zamani zilikuwa chokaa na vipande vya matumbawe vilivyopondwa na kushindiliwa juu ya boriti za mikoko, na kazi yenyewe ikaitwa kupiga sakafu.

Ikilinganishwa na vigae, terazo haina viungio vya grauti vya kuweusika na ikichakaa husagwa tena ikawa mpya. Lakini inahitaji fundi anayeijua, nao wamepungua, na inahitaji kufanywa mapema kabisa, kabla ya rangi na makabati, kwa sababu kusaga hutoa tope la kijivu linaloruka hadi nusu ya ukuta. Jikoni ina adui mmoja ambaye hatajwi: limau. Maji ya limau, ndimu, ukwaju na siki hula marumaru na saruji, yakaacha doa lisilong'aa ambalo haliondoki kwa sabuni. Kwa familia ya pwani inayopika samaki kila siku, terazo iishie sebuleni. Anayehamia mwezi ujao aiondoe kwenye mawazo. Anayeanza kumwaga jamvi sasa aifikirie kwa uzito.

Mbao, na zinazojifanya mbao

Dada yetu wa Lushoto aliweka mbao za mninga katika vyumba vya juu, na nilipolala huko mwezi wa Julai nikaelewa. Asubuhi ya baridi ya Usambara, vigae huuma miguu. Mbao hazina ubaridi huo. Mninga unafaa kwa kazi hii kwa sababu haubadiliki sana kwa unyevu, na msaji, yaani mtiki, wa mashamba ya Longuza na Mtibwa ni mbadala mzuri. Kwa Lushoto, Njombe, Mbeya au Arusha ningeshindanisha mbao na vigae kwa usawa. Kwa Dar es Salaam, Tanga na Mtwara siwezi, kwa kuwa hewa ya pwani huvimbisha na kusinyaza mbao kila msimu, na mchwa hawachoki. Popote ulipo, mbao zikae ndani ya nyumba yenyewe wiki mbili au zaidi kabla ya kupigiliwa, na dawa ya mchwa iwe ilimwagwa kabla ya jamvi.

Zile zinazofanana na mbao ni za namna mbili ambazo wanunuzi huzichanganya. Laminati ni unga wa mbao ulioshindiliwa, ukavikwa picha ya mbao. Maji yakiingia kwenye kiungio, kingo zake huvimba zisirudi. Vinaili ngumu ya kuchomekeana, ambayo kiini chake ni plastiki na unga wa mawe, yenyewe haivimbi kwa maji, hukaa juu ya sakafu bila gundi, na hukamilika kwa muda mfupi kuliko zote nilizozitaja. Ukiinunua, uliza unene wa tabaka la juu linalokanyagwa: milimita 0.3 kwa chumba cha kulala, 0.5 kwa sebule. Iachiwe mwanya wa milimita 8 hadi 10 kando ya kuta zote, na mabamba yakae ndani ya chumba kwa saa 48 kabla ya kufungwa.

Hapa ndipo kile kipimo cha nailoni kinapotoa hukumu. Vinaili yenyewe haiozi, lakini huziba unyevu wa jamvi chini yake, na kuvu hukua gizani. Ndivyo lilivyonifanyia kapeti la plastiki, lile linalouzwa kwa mita, ambalo nililitandika chumba cha nyuma kwa muda tu tulipohamia. Tuliishi miezi minne tukilaumu nguo kwa harufu ya uvundo; siku tulipolikunja, upande wa chini ulikuwa mweusi kama kiuno cha sufuria. Chumba kile leo kina seramiki na kimetulia. Jamvi likitoa matone, usiweke chochote kinachoziba.

Hesabu ya chumba kimoja, na mpangilio wa kazi

Chukua chumba cha mita 4 kwa mita 3.6, ambacho ni mita za mraba 14.4. Boksi la vigae vinne vya sentimita 60 hufunika mita za mraba 1.44, hivyo hesabu ya haraka inasema maboksi 10, yaani vigae 40. Lakini upande wa mita 4 unachukua vigae sita vizima na kipande cha sentimita 40 kwa kila safu, na kinachobaki, sentimita 20, hakitoshi safu nyingine. Kwa hiyo safu sita zinakula vigae 42. Vile vipande vya sentimita 20 visitupwe, kwa maana kila kimoja kikikatwa katikati vinatoa nusu ya vipande vya kupanda ukutani, na nusu nyingine inataka vigae viwili zaidi. Umefika vigae 44, maboksi 11 kamili, na hakuna hata kimoja kilichovunjika bado. Nunua 12. Ukitaka vigae vilale kwa mshazari, ongeza boksi moja tena.

Maboksi yote yawe na namba moja ya toni na namba moja ya kaliba, ambazo huchapwa ubavuni. Toni ikitofautiana, rangi hutofautiana. Kaliba, yaani ukubwa halisi wa kigae, ikitofautiana, vigae hupishana kwa milimita moja au mbili, na mistari itapinda hata kwa fundi bora. Fundi aache mwanya wa milimita 2 au 3 kati ya kigae na kigae, na milimita 5 au zaidi kati ya kigae cha mwisho na ukuta, mwanya ambao vipande vya ukutani vitauficha. Wateja wengi hutaka vigae vigusane kabisa kwa ajili ya urembo, na ndivyo vinavyokuja kunyanyuka kwa kishindo siku ya joto, safu mbili zikisimama kama hema.

Kwa mpangilio, dari ya jipsamu, mabomba, nyaya na mkono wa kwanza wa rangi vitangulie; bafu lijazwe maji na kuachwa saa 24 kuona kama linavuja kabla ya kuwekwa vigae, na sakafu yake iteremke kuelekea tundu la maji kwa sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita. Kisha sakafu, kisha mkono wa mwisho wa rangi, kisha milango ya ndani, ambayo ikatwe kwa kipimo cha sakafu iliyokwisha, kwani nimeona milango ya mninga ikirandwa chini mara mbili kwa sababu seremala alitangulia. Vigae visikanyagwe kwa saa 24, na makabati na friji visubiri siku 7. Msimu mzuri wa kazi hizi kwa pwani ni kuanzia Juni hadi Septemba, upepo wa kusi ukivuma na mvua zikiwa zimepungua.

Siku ya kuhamia, tandika maboksi matupu ya vigae kutoka mlangoni hadi vyumbani kabla ya kuingiza kabati la kwanza. Ubavu mmoja wenye namba za toni na kaliba ukatwe na kuhifadhiwa. Wangu umebandikwa nyuma ya mlango wa stoo, na chini yake vimeegemezwa vigae sita vya akiba, vya jikoni vitatu na vya sebule vitatu.